Namna ya kumpima mtangazaji wa uwanja wa besiboli bila kumwonea

Shabiki wa besiboli nchini Marekani anayehudhuria mechi mara kwa mara huisikia sauti ya mtangazaji wa uwanja kuliko sauti ya mchezaji yeyote anayemlipia kiingilio. Kila timu ya ligi kuu hupangiwa mechi 162 kwa msimu, 81 kati ya hizo zikiwa nyumbani, na katika kila mechi mtangazaji huyo ndiye anayesoma vikosi, anayemtaja kila mpigaji anayeingia, anayetangaza kila badiliko la wachezaji na anayewatahadharisha watazamaji kuhusu mipira na magongo yanayoweza kurukia majukwaani. Haishangazi kwamba kila shabiki ana la kusema juu yake. Linaloshangaza ni jinsi maneno hayo yanavyomkosa mlengwa: anasutwa kwa sababu ya spika zinazokoroma, kwa sababu ya matangazo ya wadhamini aliyopewa ayasome, au kwa kosa la kutokuwa yule aliyeketi mbele ya maikrofoni kabla yake. Mwongozo huu unamhusu shabiki anayetaka maoni yake yawe na uzito, awe anaiandikia klabu, anakusanya maoni ya wenzake au anabishana tu na rafiki. Na msingi wake ni mmoja, kwamba kabla ya kuiita sauti fulani nzuri au mbaya, ni lazima uhakikishe kwamba unachokihukumu ni kazi ya mwenye sauti hiyo.

Tuanze kwa kutenganisha watu wawili wanaochanganywa kila siku. Mtangazaji wa redio au televisheni humsimulia mchezo mtu asiyekuwapo. Mtangazaji wa uwanja huzungumza na watu wanaouona mchezo kwa macho yao wenyewe. Wa kwanza hulaumiwa akinyamaza, wa pili hulaumiwa akisema kupita kiasi. Shabiki anayelalamika kwamba mtangazaji wa uwanja "hana uchangamfu", na ambaye mechi nyingi amezitazama sebuleni kwake, mara nyingi anamdai mtu huyu kazi ya mtu mwingine. Vilevile, tangu msimu wa 2022 waamuzi wa ligi kuu huvaa maikrofoni na kueleza wenyewe uamuzi baada ya kurejelea picha za video, hivyo maelezo yaliyokuacha gizani wakati wa marejeo hayo usiyaandike kwenye hesabu ya mtangazaji.

Badilisha kiti kabla ya kubadilisha maoni

Sauti husafiri angani kwa takriban mita 340 kwa sekunde. Uzio wa nyuma wa uwanja wa kati, katika viwanja vingi, uko karibu mita 120 kutoka kwa mpigaji, kwa hiyo sauti inayotoka upande mmoja humfikia aliye upande wa pili ikiwa imechelewa kwa kama theluthi ya sekunde, muda unaotosha silabi moja au mbili kupandana na zinazofuata. Ongeza hapo mwangwi wa kuta na paa, kelele za watu elfu thelathini na muziki wa kumkaribisha mpigaji ambao fundi hajaushusha kwa wakati, nawe utaelewa kwa nini mtu wa jukwaa la juu anaapa kwamba mtangazaji anamung'unya maneno ilhali mtu aliyeketi nyuma ya mpigaji anaapa kwamba kila herufi imesikika. Viwanja vya zamani kama Fenway Park wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1912, na Wrigley Field wa Chicago, uliofunguliwa mwaka 1914, vilijengwa kabla ya spika za umeme kuwa jambo la kawaida viwanjani. Pat Pieper, aliyeanza kuitangazia Cubs, timu ya Wrigley Field, mwaka 1916 na kuendelea hadi 1974, alifanya kazi miaka yake ya mwanzo kwa pembe ya kukuzia sauti, akitembea ukingoni mwa uwanja na kuelekeza maneno yake kwenye jukwaa moja baada ya jingine.

Mechi ya kawaida ina awamu tisa, yaani zamu tisa za kila timu kupiga. Basi sikiliza awamu tatu ukiwa karibu na eneo la mpigaji, tatu ukiwa chini ya paa au kwenye jukwaa la juu, na tatu ukiwa nyuma ya uzio wa mbali. Kama huwezi kuhama kwa siku moja, gawanya kazi hiyo katika mechi tatu. Neno lisilosikika mahali pamoja tu ni la fundi wa spika. Lisilosikika popote ndilo la mtangazaji. Kipimo hiki kidogo peke yake huondoa karibu nusu ya malalamiko niliyowahi kuyasikia, na ninakiri kwamba kiliondoa na yangu mwenyewe.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo mtangazaji hawezi kumwachia fundi, nalo ni mwendo wa maneno. Bob Sheppard, aliyekuwa sauti ya Yankee Stadium wa New York tangu Aprili 1951 hadi Septemba 2007, alikuwa mwalimu wa ufundi wa kuzungumza, na namna yake ya kumtaja mpigaji kwa mara ya kwanza katika mechi ilifuata mpango usiobadilika: nafasi anayocheza, namba yake, jina lake, kisha namba tena. Kati ya kipande na kipande aliacha nafasi. Wapo waliodhani kwamba utaratibu huo ulikuwa madaha ya mzee. Ukiuweka kando ya ile theluthi ya sekunde utaona kwamba kila kimya kilikuwa kinaupisha mwangwi wa neno lililotangulia, na kwamba namba iliyorudiwa mwishoni ilikuwa ni kwa ajili ya yule ambaye, wakati inatajwa mara ya kwanza, alikuwa ameinama kuokota kofia ya mtoto. Mpigaji huyo akirudi baadaye kupiga tena, Sheppard alitaja nafasi na jina tu, kwa kuwa namba ilikwisha kujulikana. Kwa hiyo unapopima mwendo, usiulize kama anaongea polepole au haraka; uliza kama kimya chake kinakaa mahali penye faida.

Majina ndiyo mtihani wenyewe

Iwapo una muda wa kupima jambo moja tu, pima majina. Mtangazaji anaweza kuwa na sauti ya kawaida kabisa na bado akaheshimiwa kwa miaka mingi kwa sababu hakosei jina la mtu, na anaweza kuwa na sauti ya ngurumo na bado akamdhalilisha kijana anayecheza mechi yake ya kwanza mbele ya wazazi waliosafiri kutoka nchi nyingine kuja kumwona.

Kazi ya msikilizaji huanza nyumbani. Chukua orodha za vikosi vyote viwili, chagua majina matano au sita unayoyaona magumu, kisha utafute mahojiano ambamo mchezaji mwenyewe anajitaja. Usitegemee namna mashabiki wanavyomwita, kwa sababu mashabiki nao hukosea kwa pamoja, na kosa la wengi husikika kama usahihi. Hapo mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati ambayo Mmarekani wa kawaida hana. Irabu zetu tano zinakaribiana sana na za Kihispania na za Kijapani, na mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama ulivyo katika Ramírez, Martínez na Rodríguez. Kwa hiyo tunapoliona jina kama Ichiro tunalisoma bila taabu, na mtangazaji akiivuruga "o" ya mwisho ikawa "ou" masikio yetu hushtuka papo hapo. Bahati hiyo ina mtego wake. Colón na Beltré hubeba mkazo kwenye silabi ya mwisho, na alama ile ndogo juu ya irabu ndiyo inayokuambia hivyo. Mwaka 2016 ligi kuu iliendesha kampeni iliyoitwa Ponle Acento, ya kurudisha alama hizo kwenye majina yaliyo mgongoni mwa jezi. Tangu wakati huo, mtangazaji anayekosea mkazo anakosea kitu kilichoandikwa mbele ya macho yake.

Sheppard alikuwa na tabia ya kwenda kwenye vyumba vya wachezaji kabla ya mechi kumwuliza mgeni jina lake linatamkwaje. Huo ndio ushahidi wa bidii unaostahili kutafutwa, na unaonekana zaidi kwa wachezaji wa timu mgeni kuliko kwa wenyeji, kwa maana majina ya wenyeji mtangazaji huyatamka mara mamia kwa msimu mpaka ulimi unazoea wenyewe. Andika basi safu mbili katika daftari lako, moja ya wenyeji na nyingine ya wageni, na uangalie makosa yanarundikana wapi. Makosa yakiwa mengi kwa wageni, una mtangazaji asiyeuliza. Yakiwa sawa pande zote, una mtu ambaye ulimi wake haujapata mazoezi, na hilo ni tatizo jingine lenye dawa nyingine.

Kuhusu kuvuta irabu, watu hugawanyika vikali, na mimi nina upande. Kuvuta jina ni halali pale ambapo jina lenyewe linaalika na majukwaa yanaitikia. Katika Astrodome ya Houston, J. Fred Duckett alilivuta jina la mchezaji José Cruz hadi irabu yake ikajaa chini ya paa lote, na watu wakaivuta pamoja naye. Bob Casey, mtangazaji wa Minnesota, alimfanyia hivyohivyo mchezaji Kirby Puckett. Kinachochosha ni kuvuta majina yote tisa ya kikosi, kwani hapo hakuna aliyepewa heshima zaidi ya mwenzake. Hesabu tu: ni majina mangapi yanayovutwa katika awamu moja, na ni mangapi watu wanayaitikia?

Angalia kinachosahauliwa

Makosa ya kusema husikika, ya kunyamaza hayasikiki, nayo ndiyo yanayomuumiza shabiki anayeweka rekodi ya mchezo kwa kalamu. Mtu huyu ana karatasi yenye vyumba vidogo, anajaza kila pigo na kila mkimbiaji, na katika awamu ya 8, kocha anapobadilisha mrushaji, mpigaji na mlinzi mmoja kwa mkupuo, hana msaada mwingine unaoaminika kama sauti ile. Pieper alikuwa akiwaambia watu waweke kalamu na karatasi tayari kabla hajasoma vikosi, na ombi hilo linaonyesha wazi kwamba alijua anafanya kazi kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo weka rekodi ya mechi nzima angalau mara moja. Ukurasa wako utakuwa na maandishi kama haya: awamu ya 6, mlinzi mpya hakutajwa kabisa, awamu ya 7, mrushaji alitangazwa akiwa amekwisha kurusha mara mbili, awamu ya 8, namba ilifunikwa na muziki, jina likasikika. Mistari mitatu ya namna hiyo ina nguvu kuliko kurasa mbili za "hafai". Kumbuka pia kwamba tangu 2023 kuna saa inayohesabu muda kati ya mrusho na mrusho, na kwamba kati ya mpigaji mmoja na mwingine kuna sekunde 30 tu. Mtangazaji wa leo hana nafasi aliyokuwa nayo Sheppard, na kumlaumu kwa kufupisha bila kuitaja saa hiyo si haki.

Lake, la klabu, na la kumbukumbu zako

Mtangazaji ni mwajiriwa. Maneno ya wadhamini, michezo ya kamera katikati ya awamu, amri ya kuwapandishia wenyeji sauti na kuwasoma wageni kama orodha ya dukani, yote hayo aghalabu huamuliwa na ofisi. Njia rahisi ya kujua ni kulinganisha: akisoma maneno ya mdhamini kwa mbwembwe ileile anayomtajia mpigaji, inaelekea ni mtindo aliopangiwa, akibadilika pale anapoachwa huru, kwa mfano anapowaelekeza wazazi wa mtoto aliyepotea, hapo umemsikia yeye mwenyewe. Matangazo ya dharura ndiyo kioo kikali kuliko vyote. Agosti 1970, polisi walipopata tishio la bomu katika Metropolitan Stadium wa Minnesota, Bob Casey aliwaomba watu wasihangaike, kisha akawaarifu kuhusu mlipuko kana kwamba ulikuwa sehemu ya ratiba ya jioni hiyo. Hakuna bomu lililolipuka, na watu walimpenda hadi mwisho wa kazi yake. Huko Brooklyn, mtangazaji Tex Rickards aliwahi kutakiwa awaambie mashabiki waliotundika makoti kwenye uzio wayaondoe, akawaomba waliokaa kando ya uzio wavue nguo zao. Makosa hayo mawili yanatufundisha kwamba upendo wa mashabiki na ubora wa kazi ni vitu viwili, na kwamba ripoti ya haki huvitaja vyote viwili bila kukifanya kimoja kivae joho la kingine.

Kumbukumbu ndiyo sehemu ngumu zaidi. Mchezaji wa Yankees Reggie Jackson alimwita Sheppard "Sauti ya Mungu", na mchezaji mwingine wa timu hiyo, Derek Jeter, aliomba aendelee kutangazwa kwa rekodi ya sauti ya mzee huyo, ikatumika hadi Jeter alipostaafu mwaka 2014, miaka minne baada ya Sheppard kufariki akiwa na umri wa miaka 99. Mtu anayepokea maikrofoni baada ya mtu kama huyo anashindana na utoto wa wasikilizaji wake, na katika shindano hilo hakuna matamshi yatakayomwokoa. Vivyo hivyo kwa sauti za wanawake. Mwaka 1993 San Francisco Giants walimchukua Sherry Davis, katibu wa ofisi ya sheria aliyeshinda usaili wa wazi, akawa mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo kwa kudumu katika ligi kuu. Renel Brooks-Moon akaishika katika klabu hiyohiyo tangu 2000 hadi 2023, na mwaka 2002 akatangaza fainali za ubingwa. Anayesema "sauti ya mwanamke haifai besiboli" anatoa taarifa kuhusu masikio yaliyozoea besi, na katika majumuisho yako maoni hayo yakae kwenye fungu la mazoea, mbali na fungu la makosa.

Ili kujipima mwenyewe, jiulize utakosa nini akinyamaza. Jambo hilo limewahi kutokea kweli. Siku Rex Barney, mtangazaji wa timu ya Orioles ya Baltimore, alipofariki, Agosti 1997, timu hiyo ilicheza bila mtangazaji. Mei 2012, baada ya kifo cha mtangazaji wake Carl Beane, Fenway Park nao ulikaa mechi nzima bila sauti hiyo kwa heshima yake. Jaribu kuipitia mechi uliyoitazama jana na kuondoa sauti yake awamu kwa awamu. Kama kinachopungua ni taarifa, sifu taarifa. Kama kinachopungua ni shangwe tu, sema hivyo.

Unapowauliza wengine

Usiulize "unampenda?", kwa kuwa utajibiwa kwa kadiri timu inavyoshinda. Uliza ni lini mara ya mwisho mtu alishindwa kujua nani anapiga, ni jina gani analokumbuka likikosewa, na alikuwa ameketi wapi. Andika pia amekuwa akihudhuria kwa miaka mingapi na kama huweka rekodi ya mchezo. Watafute kwa makusudi mashabiki wasioona au wenye uoni hafifu, ambao kwao sauti hiyo si pambo, na mashabiki wa timu mgeni, ambao hawana sababu ya kumpendelea. Makundi haya mawili yatakuambia katika dakika kumi mambo ambayo wenyeji mia moja watayapamba. Fanya mazungumzo hayo baada ya ushindi na baada ya kipigo, kisha uyatenge kwenye karatasi mbili. Ukiona mtangazaji yuleyule ni "hodari" kwenye karatasi moja na "kero" kwenye nyingine, tumia majibu yanayotaja jina, awamu au kiti peke yake.

Wakati wa kuandika, taja tarehe ya mechi, mahali ulipoketi na jambo moja au mawili yanayoweza kurekebishwa. Linganisha "mtangazaji wenu anaharibu mchezo" na "katika mechi mbili nilizohudhuria wiki iliyopita, nikiwa jukwaa la juu upande wa kushoto, mabadiliko matatu ya walinzi hayakutangazwa, na majina mawili ya wageni yalitamkwa kwa mkazo usio wake, katika viti vya chini sauti ilikuwa safi." Ya kwanza haina mahali pa kwenda. Ya pili inaweza kupelekwa kwa fundi na kwa mtangazaji siku hiyohiyo, kila mmoja akachukua sehemu yake. Na kama mtangazaji mwenyewe ni mgeni kazini, usiandike Aprili, msimu ukiwa bado mchanga: msikilize mechi kumi kwanza, zikiwamo mbili ambazo timu imefungwa vibaya na watu wameanza kuondoka awamu ya 7, maana hapo majukwaa hupungua kelele, na ndipo utakapomsikia vizuri.